Kolabo ya fundi visu na kiwanda: fundi anabaki na nini?

fundi_wa_sakina

Wakuu habari za humu, naomba mawazo ya wanaoijua biashara ya visu, hasa ya huko Marekani.

Mimi nafua visu hapa Arusha, visu vya porini na vya kuchunia, wateja wangu wengi ni madereva wa safari, maguide na wageni wachache wanaokuja kwa kuelekezwa. Chuma ni springi za Landrover, mpini naweka mpingo au pembe, kisu kinaanzia na kuishia mikononi mwangu. Juzi shemeji karudi kutoka Ohio kaniletea kisu cha kukunja, Kershaw Cryo, na nimekipenda kweli, kimekaa vizuri mkononi na ukibonyeza kale kamkia ka nyuma bapa linaruka lenyewe. Kinauzwa kama mchoro wa Rick Hinderer. Nikaingia mtandaoni kumtafuta huyo mtu, kumbe ni fundi wa huko huko Ohio, aliwahi kuwa zimamoto, na visu anavyotengeneza mwenyewe, XM-18, vinauzwa mamia ya dola. Hiki cha kwangu shemeji anasema ni kama dola 40 na kimetengenezwa China.

Sasa najiuliza, Hinderer alikubali vipi? Analipwa kwa kila kisu au walimpa hela yake wakamalizana? Na hiki cha dola 40 hakiui soko la kile cha mamia?

Siulizi kwa kujifurahisha tu. Kuna jamaa ana karakana ya laser Nairobi, ameona kisu changu kimoja nilichokipa umbo la sime, bapa jembamba karibu na mpini halafu linapanuka kuelekea nchani, anataka achukue mchoro akate vipande 300 asambaze kwenye maduka ya vifaa vya kambi. Anasema atanilipa mara moja. Hela anayotaja kwangu si ndogo, ina maana kodi ya karakana miezi kadhaa, ndio maana nimekwama.

baba_Neema_CO

Salama fundi. Niko Colorado na hivi visu vya kolabo, yaani fundi anachora na kiwanda kinatengeneza, ndivyo ninavyokusanya, kwa hiyo umenigusa penyewe.

Kwanza ujue kwamba zamani kiwanda kikiona kisu cha fundi kimependwa kwenye maonyesho kilikuwa kinachukua umbo, kinabadilisha hapa na pale, kinaingiza sokoni, na fundi anakuja kukiona dukani kama mteja mwingine yeyote. Miongoni mwa walioleta utaratibu mwingine ni Spyderco, wapo hapa Golden, kampuni ya Sal Glesser na mkewe Gail. Mwaka 1990 wakatoa kisu kinaitwa C15 pamoja na Bob Terzuola. Terzuola alianzia visu Guatemala alikokuwa anafanya kazi ya kuchonga jade, na ukizungumzia visu vya kukunja vya kikazi vya siku hizi jina lake haliwezi kukosa. Glesser alimwomba kwanza, wakakubaliana mrabaha, na alama ya fundi ikakaa kwenye bapa pamoja na yule buibui wa kampuni. Kwangu mimi hiyo alama ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote, maana kuanzia siku hiyo mtu aliyeko kijijini hajawahi kwenda maonyesho ya Atlanta anajua kabisa hiki kisu kimetoka kichwani mwa nani. Baada ya hapo wakafuata wengi, Wayne Goddard, Bob Lum, Michael Walker ambaye ndiye aliyeipa laina loki, ile loki ya kibao cha ndani ya mpini, sura tunayoijua leo, Jens Ansø wa Denmark, hadi mzee Bill Moran ambaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wafua visu cha Marekani mwaka 1976.

Malipo, kawaida ni mrabaha, asilimia ndogo ya ile bei ambayo kiwanda kinawauzia wenye maduka, kwa kila kisu kinachotoka. Ukiitazama kwa kisu kimoja unaweza kununa. Ila fundi wa mkono ana mikono miwili na siku ina masaa yale yale, na kiwanda kinatoa maelfu huku yeye amelala.

Kuhusu Hinderer, wakati ule XM-18 zilikuwa zinatafutwa kiasi kwamba ukipata moja kwa bei ya fundi, kesho unaiuza kwa bei ya juu sana, na hiyo tofauti yote ilikuwa inaingia kwa walanguzi, Hinderer mwenyewe haoni hata senti. Akafanya kolabo na Zero Tolerance, ambayo na Kershaw zote ni za KAI ya Japani, vikatoka visu kama 0551 na 0560, vinatengenezwa Oregon na stili nzuri kabisa. Halafu 2012 ndiyo ikaja Cryo. Kwa hiyo ana mteja wa dola 40, ana mteja wa dola mia mbili hivi, ana mteja wa XM-18, na hawa hawagombanii kisu kimoja. XM-18 bado anazitengeneza na bado zinanunuliwa.

spana_solingen

Niongezee upande wa mashine. Mimi ni fundi mitambo Ujerumani, karibu na Solingen, vipuri vya CNC, zile mashine zinazoongozwa na kompyuta, kila siku. Watu wengi wanadhani kiwanda kinachukua kisu cha fundi kinakirudufu kwa chuma rahisi basi. Haiwi hivyo, karibu kila mstari kwenye mchoro unaguswa.

Chukua laina loki. Kile kibao kinachochomoka pembeni kuja kukaa nyuma ya bapa ukifungua kisu, pale vinapokutana, kisigino cha bapa kimesagwa kwa mshazari wa nyuzi 7 hadi 9 hivi. Fundi wa mkono anasaga kidogo, anafunga skrubu, anafungua kisu, anasikiliza ule mlio, anaangalia kibao kimesimama wapi, anakifumua tena anapitisha jiwe mara mbili, anafunga, anajaribu, mpaka kibao kikae mwanzoni mwa kisigino, kisiteleze ukikibonyeza kwa nguvu na kisigande ukitaka kufunga. Asubuhi nzima inaweza kuishia hapo kwa kisu kimoja. Mezani kwake hiyo ni sawa, ndiyo anayolipwa. Kwenye mstari wa kiwanda hakuna mtu wa kukaa na kisu kimoja asubuhi nzima, inabidi vipimo vipangwe ili kipande chochote kikutane na kipande chochote na loki ikubali. Hapo ndipo fundi na injinia wanakaa kubishana, na kolabo nzuri ni ile ambayo fundi ana haki ya kusema hapana.

Kuna na kona za ndani, kikatio cha CNC ni cha mviringo na kinazunguka, hakiachi kona kali, kwa hiyo kale kakona fundi alikokatoa kwa tupa kwa uvumilivu wake kataishia na duara. Kuna mpini, ukitaka wa nailoni yenye nyuzi za kioo unahitaji kalibu ya chuma, na kalibu ni gharama kubwa kabla hata kisu cha kwanza hakijatoka, ndiyo maana kiwanda kinataka uhakika wa maelfu. Hapa Solingen kuna Böker, wao wamefanya Kwaiken na Lucas Burnley wa New Mexico, kisu chembamba kimenyooka kama rula, na matoleo mengi ya Böker Plus yanatengenezewa Asia. Ukikishika kile cha kiwandani unaona mistari ya Burnley imebaki hai ingawa mikono yake haikukigusa. Inahitaji fundi awe ameona sampuli, akairudisha, akaiona tena.

Swali kwako fundi, huyo jamaa wa Nairobi amesema utaiona sampuli kabla hajakata 300?

mwanaKibokoni

Mie nawasikiliza nyote lakini msimpambie ndugu yetu. Kolabo ina mazuri yake, ila kiwanda ndicho chenye karatasi, na karatasi ina maisha marefu kuliko urafiki.

Tazama hiyo Cryo uliyonayo mkononi. Ile springi inayolirusha bapa yaitwa SpeedSafe, hiyo si ya Hinderer, ni ya fundi mwengine, Ken Onion wa Hawaii, Kershaw waliitoa 1998. Onion alifanya nao kazi miaka, visu vyake vikawabeba hasa ile Leek, kisha wakaachana, akaenda akawa achorea kampuni nyengine, CRKT. Leek yauzwa na Kershaw mpaka leo. Warren Osborne naye, kisu chake cha 940 cha kampuni ya Benchmade kilitoka 2000, yeye kafariki 2016 na kisu bado kiko dukani. Mimi sisemi walidhulumiwa, mikataba yao siijui na huenda walilipwa vizuri na wakaridhika. Ninachosema, mchoro ukishaingia kiwandani waenda na njia yake, na kama hukuandika mwanzo itakuwaje mkiachana au ukifa, hapana wa kukuandikia baadaye.

Kuna na Bill McHenry na Jason Williams waliobuni loki ya Axis. Benchmade wakaitoa kwenye kisu chao cha 710 mwaka 1998, ilikuwa yao peke yao kwa sababu ya hataza, hataza ikafika mwisho na leo loki ya mtindo ule waikuta kwa kampuni chungu nzima. Hata kinga ya serikali ina siku zake.

Anayenipendeza mimi ni Ernest Emerson. CQC-7 yake ilitengenezwa na Benchmade miaka ya tisini, dunia ikamjua, na 1996 akafungua kampuni yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye Kershaw wakaja kwake kuomba wafanye visu vya Emerson vya bei ya chini, na hapo yeye ndiye aliyekuwa na jina la kuuza. Alipitia kolabo akatokea upande wa pili akiwa na nguvu zaidi.

Sasa hilo la kulipwa mara moja, ndugu yangu, hiyo si kolabo hata chembe. Huko ni kuuza mchoro. Ukiuza, uza kwa bei ya kuuza, na ujue kesho akikata elfu tatu huna la kumwambia.

fundi_wa_sakina

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili.

@spana hapana, hajataja sampuli, nilipomuuliza akasema laser haikosei. Na jina langu halitakuwepo, anataka iwe chapa yake. Halafu jana kaleta hoja mpya, eti umbo la sime ni la Wamasai wote na hata angekata bila kuniambia hakuna wa kumshitaki, kwamba ananilipa kwa roho nzuri tu. Hapo nilikosa jibu maana ni kweli sime sikuibuni mimi, nimezikuta wazee wanazo, hata mzee aliyenifundisha kufua alikuwa anawatengenezea.

mama_sheria_ubungo

Fundi usikubali kunyamazishwa na hiyo hoja. Mimi kazi yangu ni mambo ya alama za biashara na mikataba, nakwambia kwa ujumla wake, ukifika kwenye kusaini tafuta wakili akae nawe.

Umbo la sime kama sime ni kweli ni la watu, huwezi kulifanya lako, na wala yeye hawezi. Lakini kisu chako si sime, sime ni ndefu ya kiunoni, wewe umechukua mstari wake ukaufinya ukaufanya kisu cha kazi, upana fulani, mpini fulani, mlingano fulani. Hiyo tafsiri ni kazi yako. Hao hao Spyderco aliowataja baba Neema wamefanya mfululizo mzima na Ed Schempp, fundi na mkulima wa jimbo la Washington, wamechukua maumbo ya zamani ya watu wa dunia, la Kiajemi, kukri ya Nepali, navaja ya Hispania, wakayageuza visu vya kukunja. Hakuna aliyesema kwa kuwa kukri ni ya Wanepali basi Schempp asilipwe wala asitajwe. Na ningependa sana siku moja sime iingie kwenye kundi hilo ikiwa imechorwa na mtu wa huku, na kwenye kasha pakaandikwa waziwazi kwamba umbo hili limetoka kwa Wamasai.

Kwa karatasi, sajili alama yako BRELA hata kabla hujamjibu huyo bwana, ile nembo unayogonga kwenye bapa, kama huna itengeneze wiki hii. Kwa Kenya, michoro ya bidhaa inasajiliwa KIPI, taasisi yao ya hakimiliki za viwandani, kinga ni miaka 5 na inaweza kuongezwa mara mbili, na kipo pia chombo cha kanda, ARIPO kule Harare, Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Michoro inatakiwa iwe mipya ili isajiliwe, kwa hiyo acha kwanza kupost picha za kisu kipya kila kona mpaka uwe umepata ushauri.

Mkataba usiwe na mafumbo. Anaruhusiwa kukata vingapi, kwa muda gani, nchi zipi, nembo yako inakaa wapi, unalipwa kiasi gani kwa kila kisu na lini unaona hesabu, nani anaidhinisha sampuli, na mkiachana zile faili za mchoro zinakwenda wapi. Hilo la faili watu wanalisahau sana, na siku hizi faili ndiyo kisu.

baba_Neema_CO

Nyongeza kidogo maana naona hatujagusa njia ya tatu, na kwa fundi naona ndiyo inamfaa zaidi.

Mmesahau mtu wa bara letu, Chris Reeve, mtu wa Afrika Kusini, alikuwa anatengeneza visu kule kisha 1989 akahamia Boise, Idaho. Sebenza yake imekuwa kisu cha kupimia vingine. Yeye hakumpa kiwanda kikubwa mchoro wake, alileta mashine kwake mwenyewe, akapanga vipimo kwa ukali mno, akabaki na neno la mwisho juu ya kila kisu kinachotoka. Na si kwamba hakushirikiana na watu, kisu cha Green Beret kimechorwa na Bill Harsey na kikatengenezwa kwa Reeve, na ile stili ya S30V iliyotapakaa kila mahali yeye alikuwa mmoja wa waliokaa na Dick Barber wa Crucible, kampuni ya stili, kuipata.

Wewe huna hela za mashine, sawa. Lakini huyo jamaa anayo laser. Mgeuzie kibao, yeye akukatie mabapa kwa mchoro wako kwa bei ya kukata, wewe uyapokee, usage makali, uweke mpini, ugonge nembo yako, uuze. Huku mafundi wengi wanafanya hivyo, wanapeleka nje ile kazi ya kukata tu na ya kukaza chuma kwa moto, wanamalizia kwa mkono. Badala ya kisu kimoja kwa siku kadhaa unatoa vingi, na bei inakaa katikati. Akikataa kukukatia kwa malipo, huku anataka mchoro huo huo akate vya kwake, utakuwa umeshajua alikuwa anafuata nini.

mwanaKibokoni

Hapo baba Neema nakubali kwa mikono miwili. Ila faili asimpe mbichi kwa WhatsApp, asaini kwanza.

spana_solingen

Naunga mkono, lakini kuna kitu kimoja cha chuma lazima tukiseme kabla hujaenda mbali. Springi za Landrover ni nzuri kwa anayefua kimoja kimoja, unaiona cheche, unaijua tabia, kikikataa unakitupa. Kwa vipande 300 haiwezekani. Kwanza springi imepinda na laser inataka bamba lililonyooka, pili hujui ndani yake kuna nini, springi mbili za gari moja zinaweza kuwa stili mbili tofauti, tatu zimebeba mzigo miaka na zinaweza kuwa na nyufa ndogo usizoziona mpaka kisu kivunjike mkononi mwa mtu. Ukizikaza zote kwa joto moja zingine zitakuwa ngumu mno zingine laini, na nembo iliyoko pale ni yako.

Nunua bamba la stili inayojulikana na cheti chake. 5160 utaizoea haraka maana ni stili ya springi, tabia yake inafanana na unayoifua sasa, ni ngumu kuvunjika, ila inashika kutu kwa hiyo mteja apewe maelezo ya kupaka mafuta. Ukitaka isiyoshika kutu ovyo kuna 14C28N ya Uswidi, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya hao hao Kershaw, inanoleka kirahisi, lakini kukaza kwake kunataka tanuru yenye kipimo cha joto cha uhakika, mkaa na mvukuto havitoshi. Mwambie huyo wa laser pia kwamba ukingo uliokatwa na laser unaungua na kukakamaa, kwa hiyo aache nyama ya ziada pembeni, nusu milimita au zaidi, wewe uisage iishe. Anza na vipande kumi. Vunja viwili kwa makusudi uone punje za ndani zikoje, zikiwa laini kama vumbi umepata, zikiwa kama sukari joto lilizidi.

fundi_wa_sakina

Wakuu Mungu awabariki, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza.

Nimempigia leo mchana. Nikamwambia mchoro siuzi, ila niko tayari anikatie kwa malipo, na kama anataka kuuza vya kwake basi ni kwa mkataba, nembo yangu ibaki kwenye bapa, na nisipoikubali sampuli hakikatwi kitu. Akanyamaza kidogo, akasema ya sampuli haina shida, ya nembo aongee na mwenzake kwanza. Bei ya kukata amesema atanitumia akishajua unene wa bamba. Hajakataa, na hajarudia ile hoja ya sime.

Kesho naenda kwa anayechonga mihuri ya chuma nipate nembo inayosomeka, hii yangu ya sasa naandika herufi kwa tindo na kila kisu inakaa tofauti. Mama sheria nitakutafuta pembeni kwa ya BRELA kama hutajali.

Kilichobaki ni chuma. Kuna mtu anajua duka la Dar au Nairobi linalouza bamba la 5160 la milimita 4, lenye cheti cha kweli? Nimeuliza wawili hapa mjini wote wananionyesha bamba la kawaida la kuchomelea mageti na kunihakikishia ndilo lenyewe.